Stenti ya muda kwenye koo la hewa: walisema miezi 6, sasa ni 14. Kuitoa ni salama?

#1 Mwanakatonga
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, alipata ajali ya bodaboda mwaka juzi barabara ya Kasulu. Aliumia kichwa, akalazwa ICU siku 23 akiwa na mpira wa kupumulia kooni. Kichwa kikapona. Miezi miwili baadaye akaanza kuhema kwa sauti ya filimbi, akawa hawezi hata kupanda kutoka ziwani kwenda Mwanga bila kukaa njiani mara tatu. Tulizunguka na dawa za pumu mpaka tukachoka. Dar ndiko walikompiga kamera, wakakuta koo la hewa limebanwa na kovu. Wakalipanua, wakaweka stenti, yaani kimrija cha kulishikilia likae wazi. Wakasema ni ya muda, turudi baada ya miezi 6.

Hatukurudi. Pesa iliisha, mama akaugua, na dogo mwenyewe alikuwa anapumua vizuri, akarudi Kibirizi kupakia dagaa. Leo ni mwezi wa 14. Wiki tatu hizi filimbi imerudi, hasa usiku, na mdomo unatoa harufu ambayo mswaki hauiondoi. Jirani yetu mmoja msomi anasema chuma kikikaa sana nyama inakifunika, ukikivuta unachana koo na mtu anafia mezani. Mama kasikia hayo, hataki tena kusikia habari ya Dar.

Kuna mtu hapa amewahi kutolewa kitu hiki? Ni salama? Na kwa nini filimbi imerudi?

#2 Kapteni Migebuka
Pole sana mkuu. Dogo namfahamu kwa sura, yule wa Kibirizi anayependa kuimba akipakia. Nafuatilia.

#3 Kitunda84
Mimi nasema mwacheni. Baba yangu mdogo ana stenti ya moyo tangu 2016 na hakuna daktari aliyewahi kumwambia itolewe. Mwili ukishakizoea kitu, ukikigusa ndipo unapoleta matatizo.

#4 Nusu Kaputi TBR
Kitunda84, hapo umechanganya vitu viwili. Mimi kazi yangu ni kulaza watu usingizi thieta, Tabora.

Stenti ya moyo inakaa ndani ya mshipa wa damu. Baada ya muda ngozi ya ndani ya mshipa inaifunika, inakuwa sehemu ya ukuta. Hiyo haitolewi. Koo la hewa ni jambo jingine. Liko wazi kwa vumbi na vijidudu, linajikunja kila mtu akikohoa, na ukuta wake una vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi kwenda juu usiku na mchana. Penye stenti vinyweleo hivyo havifanyi kazi, kwa hiyo makohozi yanakwama na kukauka. Kwa mtu mwenye kovu, siyo saratani, stenti ni kama kiunzi cha ujenzi: inashikilia njia mpaka kovu likomae likiwa wazi, kisha inaondolewa.

Mleta uzi, naomba majibu matatu. Ni ya aina gani, silikoni au chuma? Ukubwa gani? Iliwekwa tarehe ngapi? Yote yapo kwenye karatasi ya ruhusa. Na sikiliza hili kabla ya mengine yote: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au akiwa amekaa tu na filimbi inasikika, au shingo inabonyea kila akivuta hewa, usingoje jibu la mtu humu. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

#5 Mwanakatonga
Asante. Kwa sasa anaongea vizuri na anakula. Filimbi ni akilala au akibeba mzigo. Karatasi iko kwa mama Ujiji, nitaifuata kesho. Lakini jirani alisema ni chuma.

#6 Fundi Chuma
Kama ni chuma, nawaeleza kwa upande wetu wa karakana. Stenti nyingi za chuma siku hizi zinafumwa kwa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Chuma hicho kina kumbukumbu. Kikiwa cha baridi unakibana kinakuwa chembamba kama kalamu, kikipata joto la mwili kinarudi umbo lake na kusukuma ukuta. Hakiachi kusukuma. Kinasukuma leo, kesho na mwakani. Sasa nyama laini ikisukumwa na wavu miezi 14 itakwenda wapi kama si kupenya kwenye matundu ya wavu? Jirani hajakosea.

#7 Sista Mstaafu
Fundi amesema kweli, ila kwa stenti ya wavu ulio wazi. Kuna za wavu uliovikwa ngozi ya plastiki, hizo nyama hupenya kwa shida, inaota kwenye ncha zake tu. Na kuna za silikoni tupu, hazina tundu hata moja.

Nimefanya kazi thieta miaka 31. Nakumbuka ile tahadhari ya Marekani ya mwaka 2015 iliyosema stenti za chuma zisiwekwe kwa wagonjwa wa koo la hewa wasio na saratani mpaka njia nyingine zote zifikiriwe kwanza. Na zisitumike kama daraja la muda, kwa sababu hii hii ya ugumu wa kuzitoa. Kwa hiyo kama huyu kijana aliwekewa chuma kilicho wazi kwa kovu, nitashangaa.

#8 Mwalimu wa Fizikia
Shikamoo Sista. Nasahihisha mwaka tu: ni Julai 2005, siyo 2015. Mengine uko sawa. Waliongeza kwamba anayeitoa awe daktari aliyefundishwa au mwenye uzoefu wa kutoa hizo hizo.

#9 Sista Mstaafu
Marahaba mwanangu. 2005, kweli.

#10 Binti Asali
Baba yangu alikuwa na kansa ya umio ikalala juu ya koo la hewa. Aliwekewa ya chuma iliyovikwa. Tuliuliza itatolewa lini, daktari akatuita chemba, akatuambia taratibu kwamba hiyo haitatolewa, imewekwa ili siku zilizobaki azipitishe bila kupigania pumzi. Aliishi miezi saba, alikula Idi na sisi, aliongea mpaka siku mbili kabla. Nasema haya ili mleta uzi asiogope neno chuma. Kila stenti ina kazi yake. Ya baba ilikuwa ya kubaki, ya mdogo wako ni ya kutoka.

#11 Kapteni Migebuka
Mungu amrehemu mzee. Asante kwa kutuambia.

Swali la mtu asiyesoma: hiyo nyama inayoota inatoka wapi? Kwani koo lina mbegu?

#12 Sista Mstaafu
Kapteni, umewahi kuona kidonda kinachosuguliwa na kiatu kila siku? Kinaota nyama nyekundu laini inayotoa damu ukiigusa. Ndiyo hiyo. Ncha ya stenti inasugua kila mtu akimeza, akikohoa, akigeuza shingo. Mwili unajaribu kuponya, lakini kinachosugua kiko pale pale.

Kwa maoni yangu filimbi ya huyu kijana ni nyama imeota kwenye ncha ya juu.

#13 Mtumbaku Urambo
Mimi ndiye mtu unayemtafuta. Nimetolewa stenti mara mbili.

Nilipata kifua kikuu, nikamaliza dawa, nikapona. Lakini kovu lilibana mrija mkubwa wa pafu la kushoto, huo unaopendwa sana na TB. Pafu likawa linajaa makohozi na homa kila mwezi. Nikawekewa ya silikoni. Baada ya mwaka mmoja wakaitoa. Nililala nusu kaputi, nikaamka koo linauma kama nimemeza mwiba wa sangara, nikatema makohozi yenye damu kidogo siku mbili, basi. Nikadhani nimemaliza.

Wiki ya tatu mrija ukabana tena. Nililia. Kwa kweli nililia kama mtoto, mke wangu shahidi. Wakarudisha nyingine, ikakaa miezi 9. Mara ya pili walipoitoa mrija ukabaki wazi, na sasa ni miaka miwili. Nalima ekari tatu za tumbaku kwa mkono wangu.

Kwa hiyo mwambie mama kwamba kutoa kwenyewe kwangu hakukuwa na shida. Shida ni wiki zinazofuata. Panga pesa ya kurudi mara ya pili kabla hujaondoka mara ya kwanza.

#14 Kitunda84
Nimekubali la moyo, nimejifunza. Asante Nusu Kaputi. Lakini sikubaliani na Sista kuhusu nyama. Filimbi inakuja akilala na harufu inatoka mdomoni: hayo ni makohozi yaliyokauka na kuoza ndani ya stenti. Huyu kijana anashinda kwenye vumbi la dagaa na moshi, kiangazi chote. Wakiyanyonya tu atapona, hakuna haja ya kutoa kitu.

#15 Mwalimu wa Fizikia
Niseme kidogo kuhusu filimbi. Hewa ikipita kwenye bomba kwa utulivu, ukipunguza kipenyo chake kwa nusu ugumu wa kupita hauwi mara mbili, unakuwa mara 16. Ndiyo maana mtu anaishi bila dalili miezi mingi, kisha anaharibikiwa ndani ya wiki. Kwa mtu mzima, koo la hewa likifika kama milimita 8 anahema akifanya kazi. Likifika 5 anahema akiwa amekaa. Kati ya hizo mbili ni milimita 3 tu. Kitunda, hata makohozi ya unene wa gamba la karanga yanatosha kumvusha.

#16 Kitunda84
Basi umeniunga mkono.

#17 Mwalimu wa Fizikia
Na Sista pia nimemuunga mkono. Milimita haijali imezibwa na nini.

#18 Mwanakatonga
Wakuu, nimerudi Ujiji sasa hivi. Karatasi ninayo mkononi. Imeandikwa: stenti ya silikoni, 14-50, iko sentimita 3 chini ya nyuzi za sauti. Siyo chuma! Jirani alibahatisha. Mama nimemsomea mara mbili.

#19 Sista Mstaafu
Alhamdulillahi. Hiyo 14-50 ni kipenyo milimita 14 na urefu milimita 50. Silikoni ya namna hiyo ndiyo aliyoibuni daktari Jean-François Dumon wa Marseille, Ufaransa, mwaka 1990. Nje ina vijinundu vya kuifanya isiteleze, ndani ni laini, na tangu mwanzo ilitengenezwa iweze kutoka.

#20 Mzee wa Reli
Nimesoma uzi wote kimya. Sasa hapo aliposema Sista "ilitengenezwa iweze kutoka" nimeikumbuka Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika.

Vijana wa Kigoma mnaijua hadithi. Wajerumani walipoona wanashindwa mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliofunga injini walizipaka grisi nene kwanza. Ikakaa chini ya maji miaka. Ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na injini ziko salama. Aliyepaka grisi alijua kuna siku itaopolewa. Silikoni ndiyo hiyo grisi. Wavu ulio wazi ni meli iliyozamishwa bila grisi.

#21 Kapteni Migebuka
Mzee wa Reli hakosi kuiingiza Liemba. Juzi kwenye uzi wa ndoa aliiingiza pia.

#22 Mzee wa Reli
Na ndoa ile ilipona, nenda kawaulize.

#23 Fundi Chuma
Mzee, mfano mzuri lakini una kasoro. Meli ikiopolewa ziwa haliumii. Hapa ukitoa stenti, ukuta uliokuwa umeegemea unaweza kulala. Miezi 14 pete za koo zimebebwa na silikoni. Tuna uhakika gani zina nguvu ya kusimama peke yake?

#24 Nusu Kaputi TBR
Fundi amegusa penyewe. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu, maana hili ndilo nililokesha nalo mara nyingi.

Watu wanadhani hatari ni kuvuta. Kuvuta silikoni ni dakika chache. Mgonjwa analala kwa dawa inayopita kwenye mshipa, siyo gesi, kwa sababu bomba tutakaloweka mdomoni liko wazi juu na gesi ingevuja chumba kizima. Bomba hilo ni la chuma, limenyooka, wanaliita bronkoskopu ngumu. Siyo ile nyororo inayopinda. Faida yake ni kwamba ni jicho, ni mlango wa vifaa na ni njia ya hewa kwa pamoja. Daktari anashusha koleo refu, anashika ukingo wa stenti, anaizungusha ijikunje na kubanduka ukutani, halafu anaivuta ikae mdomoni mwa bomba. Vyote vinatoka pamoja. Papo hapo bomba linarudi ndani. Sekunde hizo za kutoka na kurudi, mgonjwa hana bomba, hana stenti. Ana ukuta wake tu.

Kwa hiyo maandalizi yote ni ya sekunde hizo. Kabla ya kumlaza, mimi na daktari tunasimama pembeni tunakubaliana kwa mdomo: ukuta ukilala tunafanya nini, damu ikitoka tunafanya nini, nani anashika nini. Mezani pana stenti nyingine za ukubwa mbalimbali, mipira ya kupumulia hadi ile myembamba, maji ya chumvi ya baridi na adrenalini ya kuzuia damu, na seti ya kutoboa shingo ikiwa imeshafunguliwa. Imefunguliwa, siyo iko kabatini. Kundi la damu limepimwa. Picha ya CT imepigwa ili tujue kilicho chini ya ncha ya chini, ambako kamera haioni vizuri kabla ya kutoa. Kama ana dawa za kuyeyusha damu zinasimamishwa kwa ushauri wa aliyeziandika. Hali chakula kwa saa 6 kabla, hanywi maji kwa saa 2 kabla.

Na kama kuna nyama ya kuchoma kwa leza, tunashusha oksijeni chini ya asilimia 40 kwanza. Leza na oksijeni nyingi ndani ya koo la mtu ni moto wa kweli, siyo mfano.

Fundi, uhakika hatuna. Ndiyo maana wanaitoa, wanaangalia ukuta ukipumua, na wakiona unalala wanaweza kurudisha nyingine hapo hapo. Au baadaye wanakata kipande chenye kovu na kuunganisha. Koo la hewa la mtu mzima ni kama sentimita 10 hadi 12, kipande cha sentimita 2 au 3 kinakatika na ncha zikafikiana. Au wanaweka bomba la silikoni lenye umbo la T, linalotokeza shingoni.

#25 Mwalimu wa Fizikia
Hiyo T ilikuja baada ya Dumon?

#26 Sista Mstaafu
Kabla yake. Montgomery wa Boston, 1965.

#27 Mpwa wa Nzega
Niliogopa kuandika lakini nitaandika. Mjomba aliwekewa wavu ulio wazi nje ya nchi, sitaji hospitali. Kovu tu, siyo saratani, na hatukuelezwa kama kuna aina nyingine. Baada ya miaka miwili nyuzi zilianza kukatika, akawa anakohoa vipande vya waya kwenye kitambaa. Kutoa kulichukua siku mbili tofauti. Walizungusha mdomo wa lile bomba la chuma kati ya wavu na ukuta kuibandua kidogo kidogo, wakatoa vipande, wakahesabu. Alitoka damu, alilala kwenye mashine ya kupumulia usiku mzima. Yuko hai. Lakini nyie mnaosema "kuvuta ni dakika chache", semeni ni kwa silikoni. Kwa wavu si hivyo hata kidogo.

#28 Nusu Kaputi TBR
Ni kweli kabisa, na pole kwa mjomba. Nimesema silikoni nikijua karatasi ya dogo. Kwa wavu ulio wazi ningeandika uzi mwingine.

#29 Mama Zai
Mimi siyo stenti ila ni kamera hiyo hiyo. Mwanangu wa miaka miwili alitibiwa pumu wiki tisa kwenye kituo kimoja. Tisa! Kila siku dawa ya kuvuta. Mwisho daktari mmoja kijana akaweka kifaa kifuani upande huu na huu, akasema upande wa kulia hewa haiingii sawa. Tukapewa rufaa. Wakashusha bomba, wakatoa nusu ya karanga. Nusu ya karanga tu. Kwa hiyo mleta uzi, uliposema mlizunguka na dawa za pumu nimekuelewa mpaka mifupani. Filimbi siyo pumu kila wakati.

#30 Mwalimu wa Fizikia
Mama Zai, mwanao ameingia kwenye historia ndefu. Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza, mwaka 1897, kwa kumtolea mkulima mfupa uliokwama kwenye mirija ya hewa kwa bomba na taa. Fani nzima ilianza kwa kutoa kitu, siyo kwa kuweka.

#31 Binti Asali
Kwa wakati huu anaposubiri safari, asali mbichi ya Tabora na tangawizi, ajifukize asubuhi na jioni. Makohozi yatalainika.

#32 Kapteni Migebuka
Biashara imeingia 😀

#33 Binti Asali
Nitamtumia lita moja bure, kaka. Andika jina la kituo tu.

#34 Sista Mstaafu
Asali ale kwa kijiko, ni tamu na haina ubaya. Kujifukiza kwenye sufuria sikubali, nimewauguza walioungua uso na koo. Mwenye stenti ya silikoni anatakiwa kuvuta mvuke wa maji ya chumvi kwa nebulaiza, mara mbili kwa siku. Walimpa?

#35 Mwanakatonga
Walitupa mashine ndogo. Iliharibika mwezi wa nne, sikujua kama ni muhimu. Nilidhani ni ya pumu.

#36 Kitunda84
Miezi kumi bila kulainisha. Narudia, ni makohozi.

#37 Mzee wa Reli
Chumvi ya Uvinza si iko hapo tu? Mtu anachemsha maji anatia.

#38 Sista Mstaafu
Hapana, baba yangu. Ya kupikia iende kwenye dagaa. Ya kuvuta kifuani ni ile ya chupa ya duka la dawa, gramu 9 kwa lita, isiyo na kijidudu. Maji ya nyumbani yanapeleka vijidudu moja kwa moja kwenye silikoni, na harufu tayari inasema wapo.

#39 Daktari Kijana KGM
Nimechelewa, nilikuwa zamu. Kuna jambo hamjauliza. Sauti yake ikoje? Na filimbi inasikika akivuta au akitoa?

#40 Mwanakatonga
Sauti imekwaruza tangu ICU. Jana usiku nilikaa macho nikamsikiliza: ni akivuta ndani zaidi.

#41 Daktari Kijana KGM
Basi naongeza la tatu. Mpira uliokaa siku 23 unapita katikati ya nyuzi za sauti. Unaweza kuacha kovu hapo hapo, nyuzi zikashindwa kufunguka vizuri. Filimbi ya kuvuta ndani mara nyingi hutoka juu, shingoni. Inawezekana stenti haina kosa kabisa na shida iko sentimita 3 juu yake. Wakiitoa bila kuangalia nyuzi kwanza akiwa anapumua mwenyewe, watakuta njia ya juu ni nyembamba kuliko walivyodhani.

#42 Sista Mstaafu
Daktari, ncha ya juu ya stenti nayo iko shingoni. Nyama hapo ingepiga filimbi ile ile. Na sauti ilikwaruza miezi yote 14, filimbi ni ya wiki tatu.

#43 Daktari Kijana KGM
Ni kweli Sista, lakini kovu la nyuzi nalo linaweza kukaza polepole.

#44 Fundi Chuma
Na kama imeteleza? Kijana anabeba magunia. Gunia likikandamiza kifua unakohoa kwa nguvu, vijinundu vinaachia, stenti inapanda juu. Hata kuzifikia nyuzi za sauti.

#45 Mtumbaku Urambo
Na apimwe makohozi kwa TB pia. Msiiruke kwa kuwa kuna maelezo mengine.

#46 Nusu Kaputi TBR
Mpaka sasa tuna nyama, makohozi, nyuzi, kuteleza na TB. Zote tano zinaonekana kwa kamera nyororo na kipimo cha makohozi, hakuna hata moja inayoonekana kwa simu. Eksirei ya kawaida isiwadanganye, silikoni huonekana humo kwa shida sana.

Mwanakatonga, kabla ya safari nina ombi moja. Chukua kipande cha karatasi ngumu, andika: nina stenti ya silikoni kwenye koo la hewa, 14-50, sentimita 3 chini ya nyuzi za sauti, tarehe ya kuwekwa, simu ya waliomwekea. Mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: USINIWEKEE MPIRA WA KUPUMULIA BILA KUANGALIA KWA KAMERA. Mtu akizidiwa njiani, mwenzangu wa kituo kidogo atataka kumwokoa, atasukuma mpira, mpira utaisukuma stenti chini. Hatakuwa amekosea, hakujua tu. Ikibidi mpira uingie na kamera hakuna, uwe mwembamba na uingie taratibu sana.

#47 Mwanakatonga
Nimeandika sasa hivi kwa kalamu ya wino. Nimefunga na nailoni.

Habari ya leo: nimempigia daktari aliyemwekea. Hakugomba hata kidogo, nilitegemea agombe. Amesema twende kwanza hospitali ya mkoa hapa wamsikilize na kumpima oksijeni, wakiona anaweza kusafiri waandike rufaa, nafasi ya thieta ni Jumanne ijayo. Mama ameuliza kitu kimoja tu: "Wakiitoa na koo likalala, wana nyingine ya kurudisha?" Nikamsomea #24 yote. Akanyamaza, kisha akaniambia nikamuuzie mbuzi wawili.

#48 Mama Zai
Mungu awatangulie. Niandikie namba ya simu faragha, nachangia nauli.

#49 Kapteni Migebuka
Nami namtolea ndoo ya migebuka mikavu, mama auze. Kuhusu kubeba magunia, nimeongea na wenzake Kibirizi. Kuanzia leo hashiki kitu.

#50 Mtumbaku Urambo
Mkipewa ruhusa baada ya kutolewa, msikimbilie nyumbani. Kaeni Dar angalau wiki tatu kwa ndugu. Yangu ilibana wiki ya tatu na nilikuwa shambani, nusura.

#51 Mzee wa Reli
Mkija kwa treni, mkifika stesheni ya Tabora nitakuwa kwenye jukwaa, nina kofia ya buluu. Dirisha lifungwe vumbi likizidi, lakini asilale chali, alale ameinuliwa mgongo.

#52 Sista Mstaafu
Na chupa za maji ya chumvi mbebe za kutosha safari nzima. Mashine nyingine mmepata?

#53 Mwanakatonga
Tumeazima ya jirani. Yule yule. Ameileta mwenyewe, na akakaa na mama mpaka usiku.

Hospitali ya mkoa wamempima leo, wamesema anaweza kusafiri lakini asiwe peke yake hata dakika moja. Makohozi ya TB wamechukua, majibu bado. Tunaondoka Alhamisi.

#54 Kitunda84
Safari njema mkuu. Wakishamwangalia rudi utuambie ni makohozi.

#55 Sista Mstaafu
Ni nyama. Ile karatasi isikae kwenye begi.

#56 Mwanakatonga
Iko shingoni mwake, juu ya shati.